Ungo wa Jicho

Karafuu kavu ina sauti yake, na Mtambile nzima, kusini ya Pemba, hapakuwa na mtu aliyeijua sauti hiyo kumshinda Mwanamize binti Silima. Alikuwa akichota konzi moja kutoka kwenye jamvi, akaibana kiganjani, akaipeleka sikioni na kufumba macho. Kisha huchagua moja, akaivunja kwa ukucha wa kidole gumba. Ikikatika tak, alisema, "Peleka." Ikijipinda hata kidogo alisema, "Bado siku moja," na hapo hata ungemwapia kaburi la mama yako, neno lilikuwa ndilo hilo. Watu walimletea karafuu zao kabla ya kuzipeleka ghalani Mkoani, kwa sababu wapimaji wa ghalani hawakuwahi kuzirudisha zilizopita kwenye sikio lake.

Maneno matamu hakuwa nayo. Siku alizoudhika, majirani walimsikia mpaka barabarani, na aliudhika mara nyingi. Mumewe alikuwa ameshafariki, watoto wawili aliowazaa hawakufikia umri wa kusimama, na katika mali ya dunia alikuwa na mikarafuu thelathini na saba aliyoachiwa na mama yake, Bi Mwatum, pamoja na sakafu ya udongo ulioshindiliwa mbele ya nyumba. Wenye mashamba makubwa walikuwa na sakafu za saruji. Yeye alikuwa na jina. Mtu akitaka kusifu kitu kilichokamilika, hata kama ni wali wa harusi, alisema, "Hiki kimekauka kwa Mwanamize." Mwenyewe akisikia hujifanya hakusikia, lakini siku ile nzima huwa hagombi na mtu.

Sasa lazima niueleze ungo wa jicho, maana ndio uliomponza. Bi Mwatum alimfundisha mwanawe kwamba karafuu njema ikianikwa hadharani huvuta macho, na macho yote hayana kheri. Kwa hiyo upande wa njia, pale mgeni anapoingilia, huwekwa ungo wa mpeta. Mpeta ni zile karafuu zilizonyeshewa zikavunda kabla ya kukauka, nyeupe-nyeupe, zimesinyaa, mafuta hazina wala harufu ya maana. Jicho la mpita njia huangukia hapo kwanza, likamaliza sumu yake, ndipo likafika kwenye zile nzuri limeshachoka. Mtaa wao mzima walifanya hivyo. Kila mtu aliujua ungo wa jicho, hakuna aliyeugusa, na hakuna aliyepata kufikiri kwamba duniani kuna mtu asiyeujua.

Mwaka wa hamsini na nane mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakavunjika. Watu walichuma, wakachambua, wakaanika mpaka uani na kwenye njia za miguu, na furaha ilikuwa kubwa. Kisha habari ikaja kutoka Unguja. Nchi iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kuliko nchi zote, kule mashariki ya mbali ambako watu husaga karafuu wakaitia kwenye sigara, ilikuwa imekataa shehena nzima. Ilisema karafuu ni mbichi, zimejaa mpeta, zimechanganywa na makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki ukishachambua kichala. Ikasema bei ishushwe, la sivyo itanunua kwingine, na isitoshe imeshaanza kupanda mikarafuu yake yenyewe.

"Wanaivuta?" Mwanamize aliuliza, kwenye mkutano wa wakulima uliofanywa uwanja wa skuli. "Karafuu niliyoiinamia siku tano mpaka mgongo ukaota moto, mtu anaivuta akatoa moshi puani, kisha ananambia mbichi? Mbichi gani hiyo inayowaka?"

Watu wakaangua kicheko. Aliyekuwa akieleza mambo hayo ni Bwana Amur bin Sleiman, mwenye shamba kubwa upande wa Kengeja, mtu mpole aliyesoma, ambaye wakulima wa kusini walimchagua awasemee kwa wakubwa. Alingoja kicheko kiishe.

"Bi Mwanamize, sisi wauzaji tu maelfu," alisema. "Mnunuzi ni mmoja. Zamani alikuwa akituhitaji. Sasa maghala ya Unguja yamejaa karafuu za mwaka jana, na yeye anajua kama yamejaa."

"Basi tusimuuzie!"

"Tusipomuuzia tutazitia mchuzini zote?"

"Tukae nazo! Karafuu kavu haiozi. Mwaka, miaka miwili, tuone hizo sigara zao watatia nini!"

"Na huo mwaka mzima utakula nini?" Bwana Amur aliuliza, na hakuuliza kwa kejeli. Kila mkutano wa mwaka ule uliishia hapo hapo. Mnunuzi aliweza kukaa kwao akangoja, na sisi tulikuwa na vyungu vya kutelekwa jioni ile ile.

Kitu kimoja tu wakubwa wa Unguja walikuwa wamekipata kwa kubembeleza. Mnunuzi alikubali kumtuma mtu wake aje azione karafuu kwa macho yake kabla bei haijakatwa. Atakuja Pemba siku mbili, na kwa upande wa kusini ataonyeshwa sakafu moja. Bwana Amur alipouliza iwe ya nani, mtu mmoja akapiga kelele nyuma, "Kwa Mwanamize!" na uwanja mzima ukaitikia. Bwana Amur mwenyewe, mwenye saruji yake pana, aliitikia kwa kichwa akasema, "Na mie zangu nampelekea yeye azisikilize. Kwa Bi Mwanamize."

Alirudi nyumbani analia, wala hakuona haya. Khairiya, jirani yake ukuta kwa ukuta, shoga yake tangu walipokuwa pamoja chuoni wakisoma Kurani, alimfuata mpaka ndani akamkuta amekaa juu ya gunia anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Akiondoka hapa yule mtu, Khairiya, hana la kusema," alisema. "Hana!"

Juma zima wanawake wa mtaa walikuja kumchambulia bure. Alikaa katikati yao akikagua kila mkono, na aliyeacha konyo hata moja alijuta kuzaliwa. Mawingu yakijikusanya upande wa Makoongwe, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja jamvi, hata kama wengine waliona jua bado lipo. Siku ya tano karafuu zilikuwa nyekundu iliyokolea, vichwa vimekaa imara, na ukipitisha mkono zilichakarika vizuri mpaka raha. Alisikiliza jamvi baada ya jamvi. Hakupata hata moja la kusema bado.

Asubuhi ya siku yenyewe, Khairiya alisimama kwenye njia akautazama ungo wa mpeta.

"Mwanamize, huu leo tuuache au tuuondoe?"

"Tuuondoe? Leo?" Mwanamize alishika kiuno. "Jicho la jirani naliogopa, sembuse la nchi nzima! Yule haji na jicho lake peke yake, kabeba na ya wote waliomtuma. Na hao wanataka kuzishusha hizi! Leo ungo wenyewe hautoshi, wallahi."

Khairiya aliyaona maneno hayo yana akili. Alikwenda kwake, akarudi na mpeta wake mwenyewe, pishi nzima, akaumimina juu ya ule wa mwenzake mpaka ungo ukafanya kilima. Wakarudi nyuma hatua mbili kuutazama, wakaridhika.

Landrova ilifika saa nne. Alishuka afisa wa Kizungu wa mambo ya kilimo, akashuka yule mtu wa mnunuzi, mfupi, safi, mwenye miwani na kofia nyeupe, na nyuma yao Bakar, karani wa ghala la Mkoani, aliyeletwa atafsiri kwa sababu alikuwa amesoma Unguja na Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Bwana Amur alikuwa ametayarisha halua na kahawa bandani, na afisa alikwenda huko moja kwa moja. Yule mgeni alimwinamia Mwanamize kidogo kwa adabu. Kisha akapiga hatua tatu, akasimama mbele ya ungo.

Alichuchumaa. Akachota, akanusa, akachota tena. Akatoa mfuko mdogo wa kitambaa mfukoni mwake, akaujaza mpeta mpaka juu.

"Si hizo!" Mwanamize alipiga ukelele. "Bakar! Mwambie si hizo, hizo za jicho! Karafuu zenyewe zile pale!"

Bakar alitazama upande wa afisa, kisha akatazama viatu vyake. Yeye alizaliwa Pemba hii hii, mama yake alikuwa akiweka ungo kama huo huo. Lakini aliona haya. Alijiona anavyosimama mbele ya wageni wawili na suruali yake ya kupiga pasi, akieleza habari za husuda na macho, nao wakitazamana. Akasema kwa Kiingereza kwamba huyu mwanamke anasema hizi haziuzwi. Yule mgeni akatabasamu, akajibu kwamba bila shaka, hakuna anayeuza kitu kama hiki waziwazi, na akaandika kwenye daftari lake.

Kisha alikwenda kwenye majamvi. Hili ndilo lililomchoma Mwanamize kuliko yote alipolikumbuka baadaye. Yule mtu alichota konzi ya karafuu njema, akaibana kiganjani, akaipeleka sikioni. Na yeye alikuwa anajua! Alisikiliza, akavunja moja, ikakatika tak. Wakatazamana, yeye na Mwanamize, watu wawili wa kazi moja. Akazirudisha jamvini polepole, akakung'uta mikono, na mfuko mwengine hakuutoa.

Mwanamize alimkamata Bakar mkono wa shati mpaka kishikizo kikakatika. Bwana Amur alikuja mbio na kikombe cha kahawa mkononi, lakini hata alipofahamu kimetokea nini, mfuko ulikuwa umeshatiwa lakiri na kufungiwa sandukuni. Alizungumza na yule mgeni Kiingereza kirefu. Mgeni alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa halua, na akawa na adabu yake ile ile mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

Baada ya wiki tatu bei mpya ilitangazwa, na ilikuwa imeanguka vibaya sana. Pale ghalani Mkoani mtangazaji alisema kwa kipaza sauti kwamba mnunuzi amelazimika kuishusha kwa sababu ya ubovu wa karafuu, kama ilivyothibitika kwa sampuli iliyochukuliwa Pemba ya kusini. Hakutaja jina la mtu. Hakukuwa na haja.

Lo, binadamu! Watu wale wale waliopiga kelele uwanjani, "Kwa Mwanamize," ndio waliopita mbele ya nyumba yake wakatema mate. Walisema tamaa ilimtia wazimu. Walisema ungo wa jicho huwekwa kidogo, haumwagwi kilima. Walisema mwanamke gani mwenye akili anampokea mgeni wa nchi kwa mpeta, na waliosema hivyo nyungo zao zilikuwa bado zipo njiani. Usemi wa zamani haukufa, uligeuzwa tu. Wali ukiungua, nguo ikichanika, mkutano ukivunjika kwa ugomvi, mtu alisema, "Hii nayo imekauka kwa Mwanamize." Na ile ilikuwa miaka ya vyama vya siasa, watu walisusiana hata maziko, wa chama hiki hanunui dukani kwa wa chama kile. Hawakuwa na neno moja wanalokubaliana, ila hilo la Mwanamize walikubaliana wote.

Bwana Amur alikwenda kumwona mara moja. "Mie sikulaumu, Bi Mwanamize," alimwambia. Mwanamize alimuuliza, "Na mkutanoni ulisema hivyo?" Bwana Amur akasema mkutanoni kulikuwa na kelele nyingi, hakukuwa na nafasi ya kusema kila kitu. Akaaga.

Mwanamize alikuwa akimngoja Khairiya. Alijua Khairiya atasema, leo hakusema lakini kesho atasema, kwamba nusu ya ule mpeta ilikuwa yake. Asubuhi moja alikuwa nyuma ya ua wa makuti akawasikia wanawake wakizungumza kisimani, na mmoja akauliza ule mpeta wote aliutoa wapi. Kisha akaisikia sauti ya shoga yake ikisema, "Mie sijui. Ungo wake, mpeta wake." Mwanamize, kwa ulimi wake ule, angeweza kutoka akamvua nguo mbele ya watu. Alichukua ndoo yake akarudi ndani.

Miaka mitatu ilipita. Aliendelea kuchuma na kuanika, na kila msimu alipeleka gunia zake mwenyewe ghalani, kavu, safi, hakuna aliyepata la kuzitoa kasoro. Lakini hakuna tena aliyemletea konzi aisikilize. Ungo wa jicho aliacha kuuweka. Alisema kwake hakuna tena cha kuhusudiwa.

Mwaka wa sitini na moja, kabla ya msimu, Bakar alikuja. Alikuwa anajitayarisha kwenda Hija na mama yake, na kama ilivyo kwetu, anayekwenda Makka hupita kwa watu kuomba radhi, asiende na dhima ya mtu shingoni. Alivaa kanzu mpya. Mwanamize alimwekea kigoda mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Bi Mwanamize, nimekuja unisamehe."

"Kwa lipi?"

"Siku ile sikutafsiri ulichosema."

"Hilo nalijua. Niliuona uso wako. Una jengine?"

Bakar akasema haraka haraka, "Barua ya bei ilikuja siku tisa kabla ya yule bwana kushuka Pemba. Nakala yake niliipiga chapa mie mwenyewe."

"Bei gani?"

"Ile ile iliyotangazwa. Senti kwa senti. Wakubwa wa Unguja walishaitia saini. Mnunuzi aliwaambia wakiikataa hanunui hata gunia moja, nao wana maghala yamejaa. Wangefanya nini? Lakini hawakutaka kuwaambia watu kama wameshindwa."

"Na yule mtu alikuja kufanya nini kwangu?"

"Kutafuta sababu. Asingeukuta ungo angeokota jengine njiani."

Mwanamize alitazama sakafu yake. Ilikuwa tupu, imefagiliwa. "Kwa hiyo wameshindwa wao," alisema, "nikabandikwa mie. Na weye ulijua, miaka mitatu unapita barabara hii."

"Ningefukuzwa kazi, bibi."

"Basi njoo sasa hivi twende skuli, uwaambie watu. Kisha radhi yangu uichukue, na dua nikuombee."

Bakar alianza kulia. Alisema bado ana kazi, ana mama, ana watoto. Alisema atakaporudi, inshallah, atasema.

"Na radhi yangu utaikuta ukirudi," Mwanamize alimjibu, akaingia ndani akafunga mlango. Mimi simlaumu kwa hilo hata kidogo.

Msimu ulipoanza hakuweza kustahamili. Siku moja alikwenda sakafuni kwa Khairiya, hakuwa amekanyaga pale tangu mwaka ule. Wanawake saba walikuwa wamekaa wanachambua. Alisimama akawaeleza yote, barua, siku tisa, saini, senti kwa senti. Hakupiga kelele. Alipomaliza hakuna aliyenyanyua uso, mikono tu iliendelea, karafuu huku, makonyo kule.

Khairiya ndiye aliyesema.

"Tulikuwa tunajua."

"Mlijua ya barua?"

"Ya barua hatujui. Lakini Mwanamize, nani hapa asiyejua kama ungo mmoja hauwezi kushusha bei ya visiwa viwili? Hata mtoto anajua." Sauti yake ilikuwa ya kuchoka, haikuwa ya ugomvi. "Tungemgombeza nani? Yule hata jina hatumjui, kwao hatukujui, na kesho tunamtaka anunue. Wa Unguja hatuwafikii. Weye upo hapa. Weye tunakufikia."

Mmoja wa wale wanawake akasema, "Kaa basi, unywe maji." Mwanamize hakukaa. Kando yake palikuwa na jamvi la karafuu ambazo Khairiya alikuwa tayari kuzitia gunia, gunia lenyewe liko wazi linangoja. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Alichota konzi, akaibana, akaipeleka sikioni na kufumba macho, na wote wakaacha kuchambua wakamtazama. Khairiya naye alitazama, na uso wake ulikuwa unangoja neno, kama zamani.

Zilikuwa bado mbichi. Siku moja zaidi, au mbili.

Alizirudisha jamvini, akakung'uta mikono, akaenda zake bila ya kusema kitu.